Waliokuja Kusikiliza na Kuponywa: Kuongoza Somo la Biblia Kuhusu Makutano ya Galilaya

Luka 6:18 inasema watu walimjia Yesu "kumsikiliza na kuponywa magonjwa yao". Haja mbili, safari moja. Kiongozi wa kikundi anayezitenganisha haja hizo hupindisha somo lote. Akishika kusikiliza peke yake, mgonjwa aliyeketi pembeni anaondoka akiona Biblia haina habari na mwili wake. Akishika kuponywa peke yake, kikao kinageuka foleni ya miujiza, na mafundisho yanakuwa kitu cha kupitishia muda mpaka maombezi yaanze.

Mwongozo huu ni wa kikao kimoja cha dakika 90, kwa watu 8 hadi 12, iwe ni jumuiya ndogondogo, seli, kanisa la nyumbani au kikundi cha wanafunzi. Watu wakizidi 12, wagawe makundi mawili yenye wasomaji wao. Katika kundi kubwa wanaongea watatu tu, na aliye na ugonjwa ndiye anayenyamaza kuliko wote.

Maandalizi, kuanzia siku tatu kabla

Soma Marko sura ya 1 hadi ya 6 kwa mkao mmoja, kwa sauti. Inachukua kama dakika 40. Usiandike chochote mara ya kwanza. Sikiliza tu jinsi watu wanavyozidi kuongezeka. Mlangoni kwa Simoni umekusanyika mji mzima (1:33). Nyumbani Kapernaumu hapana nafasi hata mlangoni (2:2). Ufukweni inabidi mashua iwekwe tayari watu wasije wakamsonga (3:9). Kisha Yesu na wanafunzi wanakosa hata nafasi ya kula (3:20, na tena 6:31). Asiyesoma sura hizi kwa mfululizo hulichukua kila tukio kama kisa cha peke yake, na uzito wa umati ule haumfikii.

Mara ya pili soma ukiwa na kalamu. Pigia mstari kila palipo na neno la kufundisha au kuhubiri, na uchore duara kila palipo na kuponya. Utaona alama hizo mbili zinafuatana karibu kila ukurasa.

Vitu vya kuandaa: karatasi mbili za manila, kalamu za maka za rangi mbili, ramani ya Palestina ya wakati wa Yesu (Biblia nyingi zinayo nyuma kabisa), na Biblia za tafsiri mbili tofauti, kwa mfano Union Version na Habari Njema. Nakili pia vifungu vinne vya kulishwa kwa watu elfu tano, kila kimoja karatasi yake: Mathayo 14:13-21, Marko 6:30-44, Luka 9:10-17 na Yohana 6:1-15. Usiwaache watu wafunue Biblia kwenda na kurudi kati ya Injili nne. Dakika kumi zitapotelea hapo, na wasiojua mpangilio wa vitabu wataona aibu na kunyamaza.

Maneno ya kueleza kabla ya kuanza

Hapa ndipo masomo mengi yanapoharibikia bila mtu kujua. Kiswahili cha Union Version, iliyotoka mwaka 1952, kimebeba maneno ambayo leo yanasikika kwa maana nyingine.

"Makutano" ni la kwanza. Kijana wa Kenya akilisikia anafikiria njia panda, au mji wenye jina hilo. Mwambie mapema kwamba hapa ni umati wa watu, na Habari Njema husema hivyo hivyo, "umati wa watu". Likija katika umoja, "mkutano mkubwa", hatari yake ni kubwa zaidi, kwa sababu sisi tunaposikia mkutano tunafikiria mabango, jukwaa, vipaza sauti na tarehe iliyotangazwa. Makutano ya Galilaya hayakuitishwa na mtu. Mara kadhaa Yesu alimkataza aliyeponywa asitangaze (Marko 1:44 ni mfano), na watu wakaja hata hivyo. Jambo hilo liseme wazi, maana linabadilisha picha yote: katika habari hizi anayetafuta ni umati, na anayejitenga kwenda kuomba ni Yesu (Luka 5:15-16).

La pili ni "hawawezi". Marko 1:32 husema waliletwa "wote waliokuwa hawawezi". Mtu wa Mombasa au Unguja mwenye Kiswahili cha wazee anajua mara moja kwamba asiyeweza ni mgonjwa. "Siwezi leo" ni kuumwa. Mtu wa bara husikia kushindwa kufanya jambo fulani. Neno hilo hilo limo katika Marko 2:17, "Wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi", na bila maelezo msemo huo hupoteza nusu ya nguvu yake.

La tatu ndilo tamu kuliko yote. Katika Marko 5:34 mwanamke aliyetokwa damu anaambiwa, "imani yako imekuponya". Katika Luka 7:50 mwanamke mwenye dhambi, ambaye hakuletwa kwa ugonjwa wowote, anaambiwa, "Imani yako imekuokoa". Kwa Kigiriki ni maneno yale yale, na kitenzi ni kimoja: sozo. Watafsiri walilazimika kuchagua. Lakini Kiswahili chenyewe kinatusaidia, kwa kuwa aliyenusurika ajali tunasema amepona, na aliyetoka hospitali akiwa mzima pia tunasema amepona. Waulize wanakikundi mtu hupona kutoka katika nini na nini, kisha uwape dakika tatu. Majibu yao yatafanya kazi kubwa kuliko mhadhara wako.

Dakika 10 za kwanza: kusoma

Soma Luka 6:17-19 mara mbili, wasomaji wawili, tafsiri mbili. Usieleze chochote bado. Uliza maswali matatu tu, ya kujibiwa kwa kutazama maandiko: walitoka wapi, walitaka nini, walifanya nini? Mtu akianza kuhubiri, mrudishe kwa upole: "Umeliona katika mstari gani?" Swali hilo litakufaa kikao chote.

Dakika 15: ramani

Funua Marko 3:7-8 na umpe mtu mmoja aweke alama kwenye ramani kila mahali panapotajwa: Galilaya, Uyahudi, Yerusalemu, Idumaya, ng'ambo ya Yordani, pande za Tiro na Sidoni. Halafu toa vipimo. Kutoka Yerusalemu hadi Kapernaumu ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka, na njia ya miguu ni ndefu zaidi. Kwa mtu wa pwani ya Kenya, ni zaidi ya kutoka Mombasa hadi Malindi, kwa miguu, na mgonjwa amebebwa. Idumaya iko kusini zaidi ya Yerusalemu. Tiro, ambayo leo iko Lebanon, ni kama kilomita 56 kutoka Kapernaumu, nayo ilikuwa nchi ya watu wasio Wayahudi. Umati ule ulikuwa mchanganyiko, na Luka anasema uweza ulikuwa ukimtoka ukiwaponya "wote". Hakutenga waliotoka Tiro.

Mara nyingi hapa mtu huuliza kwa nini wale wa Kapernaumu (Marko 1:32) walingoja jua lichwe ndipo wakaleta wagonjwa. Siku ile ilikuwa sabato, na kubeba mzigo siku ya sabato hakukuruhusiwa. Kwa Wayahudi siku hukoma jua likizama. Kwa mtu wa pwani jambo hili ni jepesi, kwani kwa desturi yetu pia usiku hutangulia mchana wake. Watu wale walihesabu dakika wakitazama jua, mgonjwa akiwa tayari kwenye godoro.

Dakika 35: Injili nne kwenye manila moja

Huu ndio moyo wa kikao. Kulishwa kwa watu elfu tano ndio muujiza pekee wa Yesu, ukiacha ufufuo wake, unaosimuliwa na Injili zote nne. Kwa hiyo tunaweza kutazama umati mmoja kwa macho manne.

Chora safu nne, moja kwa kila Injili. Gawa kikundi vikundi vinne vidogo, kila kimoja na karatasi yake. Kwa maka ya rangi moja wajaze jibu la swali hili: Yesu alipouona umati, alifanya nini kwanza? Wape dakika nane. Wakimaliza, andikeni majibu kwenye manila mbele ya wote.

Yatatokea haya. Katika Marko 6:34 aliwahurumia kwa kuwa walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji, akaanza kuwafundisha mambo mengi, uponyaji haumo. Katika Mathayo 14:14 aliwahurumia, akawaponya wagonjwa wao, mafundisho hayamo. Katika Luka 9:11 aliwakaribisha, akasema nao habari za ufalme wa Mungu, na wenye haja ya kuponywa akawaponya; yote mawili yamo. Katika Yohana 6:2 tunaambiwa kwa nini watu walikuja, yaani waliziona ishara alizowafanyia wagonjwa, na mafundisho yenyewe yanakuja kesho yake katika sinagogi la Kapernaumu (6:59).

Acha watu waitazame manila hiyo kimya kwa dakika moja. Halafu uliza: huruma ya Marko na huruma ya Mathayo ni moja au mbili? Kitenzi cha Kigiriki wanachotumia wote wawili, splagchnizomai, kimetokana na neno la viungo vya ndani ya mwili, yaani huruma inayomshika mtu tumboni. Ni huruma ile ile, na katika Marko inamfanya afundishe, katika Mathayo inamfanya aponye. Kwa Yesu, kumwacha mtu bila mafundisho ni kumwacha katika mateso, sawa na kumwacha na homa.

Mwenye kupenda mpangilio wa vitabu ataongeza kwamba Mathayo alifanya jambo hilo hilo kwa kipimo kikubwa. Mathayo 4:23 na 9:35 ni karibu sentensi moja: kufundisha katika masinagogi, kuhubiri habari njema ya ufalme, kuponya kila ugonjwa. Katikati ya sentensi hizo mbili kuna sura 5 hadi 7, ambazo ni mafundisho ya mlimani, na sura 8 hadi 9, ambazo zimejaa uponyaji. Mwandishi amezifunga pamoja kama vitu viwili ndani ya bahasha moja.

Kwa maka ya rangi ya pili, jazeni swali la pili: baada ya kushiba, nini kilitokea? Yohana ndiye mwenye jibu kali. Walitaka kumshika wamfanye mfalme (6:15), na kesho yake aliwaambia wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba (6:26). Usilitumie neno hili kuwapiga wenye njaa. Aliwalisha kwanza. Maandiko yanataja dinari 200 za kununua mikate, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (Mathayo 20:2). Wanafunzi waliuona mzigo huo, naye hakuwaambia umati uende zake ukafunge. Onyo lilikuja baada ya shibe.

Dakika zikibana, punguza ramani, usipunguze hapa.

Dakika 20: mmoja kati ya wengi

Someni Marko 5:24-34. Umati unamsonga Yesu, na mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi lake. Kwa Sheria (Mambo ya Walawi 15:25-27) hali yake ilimfanya kuwa najisi, na alichokilalia au kukikalia kilimtia unajisi aliyekigusa. Kupita katikati ya watu ilikuwa ni kuvunja mpaka mbele ya mji mzima. Wanafunzi wanashangaa Yesu akiuliza ni nani aliyemgusa, maana kila mtu anamgusa. Yeye anasimama mpaka ampate, anasikiliza "kweli yote", kisha anamwita "Binti". Rudini mstari wa 23: Yairo, mkuu wa sinagogi, alisema "binti yangu". Aliyekuja kwa nyuma akitetemeka anapewa jina lile lile alilolitumia baba kumwombea mtoto wake.

Swali la kujadili: umati ulimsaidia mwanamke huyu au ulimzuia? Wape mifano mingine watafute. Katika Marko 2:4 umati unaziba mlango mpaka watu wanne wanapanda juu na kutoboa paa. (Kikundi cha Dodoma hakihitaji maelezo: ni paa bapa la miti na udongo, mfano wa tembe ya Wagogo, na linatobolewa kwa jembe.) Katika 10:48 umati unamkemea Bartimayo anyamaze. Katika 7:33 Yesu anamtenga kiziwi na umati ndipo anamponya. Na Luka 4:40, jioni ile ya Kapernaumu, inasema aliweka mikono juu ya "kila mmoja". Hakuna mahali katika Injili ambapo anawaona kama idadi.

Makosa ya kuyakata mapema

Kumlaumu mgonjwa. Mtu atasema hawaponi kwa sababu hawana imani. Mpeleke Marko 2:5, ambapo Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba, na mgonjwa hakusema neno. Mpeleke Yohana 9:3, ambapo wanafunzi wanatafuta wa kulaumiwa wakakatazwa. Mpeleke pia 2 Timotheo 4:20, ambapo Paulo anamwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Paulo hakukosa imani, na Trofimo hakuhukumiwa.

Kuidharau hospitali. Marko 5:26, kwamba mwanamke alitaabishwa na matabibu wengi, hutumiwa kuwaachisha watu dawa. Mstari huo unaeleza gharama aliyolipa. Hauamuru mtu kuacha matibabu. Wakolosai 4:14 inamtaja Luka "tabibu mpendwa". Sema kwa uwazi, bila kuzunguka: mwenye dawa za presha, kisukari, kifafa au za kufubaza virusi vya UKIMWI aendelee nazo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Kusema kwamba waliopiga hosana ndio waliopiga "Asulubiwe". Linahubiriwa kila Jumapili ya Matawi, na maandiko hayasemi hivyo. Marko 11:9 inawataja waliokuwa wakimtangulia na kumfuata barabarani. Marko 15:11 inasema umati wa mbele ya Pilato ulichochewa na wakuu wa makuhani. Huenda wapo waliokuwa pande zote mbili, lakini usilifundishe kama jambo lililoandikwa.

Kulinganisha haraka na matukio ya kwetu. Katika Tanzania mtu atataja Samunge, Loliondo, mwaka 2011, watu walipofurika kwa ajili ya kikombe cha dawa, wengine wakafa wakiwa kwenye foleni. Atataja Moshi, 1 Februari 2020, ambako watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Usiyazime maswali hayo, maana katika chumba anaweza kuwapo aliyefiwa. Lakini usigeuze kikao kuwa kesi ya mtu. Rudi kwenye Marko 3:9: Yesu mwenyewe aliagiza mashua kwa sababu ya msongamano, na 6:39-40 aliwaketisha watu kwenye majani, mafungu ya mia na ya hamsini, kabla ya chakula kutolewa. Mwenye kukusanya wagonjwa anawajibika kwa milango, nafasi na utaratibu, na huo ni wajibu wenye mfano katika Injili.

Dakika 10 za mwisho: maombi

Baada ya somo hili wagonjwa wataomba kuombewa, na ni haki yao. Uliza kila mmoja anataka tuombe nini, kwa maneno yake, na usimlazimishe kutaja ugonjwa. Omba ruhusa kabla ya kumwekea mtu mikono, hasa mwanamke akiwekewa na mwanamume. Sauti ya kawaida inatosha. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa ni kazi ya padri, kwa hiyo kiongozi wa jumuiya asishike mafuta. Kazi yake ni kumpigia padri simu. Katika makanisa yanayofuata Yakobo 5:14 kwa wazee wa kanisa, waite wazee, usijifanyie peke yako.

Usitangaze kwamba mtu amepona. Akijisikia vizuri aseme mwenyewe, akishathibitisha kwa daktari. Asiyejisikia tofauti asiulizwe mbele za watu.

Andika majina ya walioombewa kwenye daftari lako, siyo kwenye kundi la WhatsApp, na ndani ya siku saba mtembelee kila mmoja au umpigie simu. Asiye na nauli ya kliniki, kikundi kimchangie kabla hamjaachana.